Televisheni Ikirudi Dukani, Hasara ni ya Nani?

Na Mwandishi wa Biashara

WENYE maduka ya vifaa vya elektroniki wanaopiga muhuri kwenye risiti zao maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" wamejiwekea kinga isiyokinga. Sheria za Kenya zinampa mnunuzi haki ya kurudishiwa pesa iwapo chombo alichouziwa kilikuwa kibovu, na muhuri wa dukani hauwezi kuifuta haki hiyo. Mfanyabiashara mdogo ambaye hakuihesabu gharama hiyo alipokuwa akipanga bei ataipata tu, tena siku asiyoitarajia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu faida ya rejareja katika biashara hii ni nyembamba. Katika barabara ya Luthuli Avenue jijini Nairobi maduka yamepakana ukuta kwa ukuta, na mteja anayeulizia televisheni ya inchi 32 huweza kupewa bei kumi kabla hajafika mwisho wa barabara. Muuzaji hulazimika kupunguza mia hapa na mia pale ili asimpoteze mteja kwa jirani. Katika hali hiyo, televisheni moja ikirudi ikiwa mbovu inaweza kumeza faida ya televisheni nyingine tano au sita zilizouzwa vizuri.

Ushindani huu ulianza miaka mingi iliyopita. Serikali ilipoondoa leseni za kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka wa 1993, na sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ikafutwa mwaka wa 1995, wafanyabiashara wadogo waliweza kwenda Dubai na baadaye Guangzhou kujinunulia mali wenyewe. Bei zilishuka na mali ikajaa. Lakini mnunuzi aliyezoea kumjua wakala wa kampuni alijikuta akinunua kwa mtu ambaye hana karakana wala vipuri, na mara nyingine hajui hata kiwanda kilichotengeneza bidhaa anayoiuza.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya zamani zaidi katika jambo hili ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka wa 1931 na ambayo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Kifungu chake cha 16 kina masharti mawili ambayo huchukuliwa kuwa yamo ndani ya mapatano hata kama muuzaji na mnunuzi hawakuyataja.

Sharti la kwanza linahusu ubora. Mtu akinunua bidhaa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa hiyo lazima iwe na ubora unaofaa kuuzwa sokoni. Friji isiyogandisha, redio isiyoshika stesheni na simu isiyopokea chaji hazina ubora huo, hata kama zimetoka kwenye katoni likiwa na gundi yake.

Sharti la pili linahusu kazi. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya na akategemea ujuzi wake, chombo lazima kiifae kazi hiyo. Tuseme mzee wa kanisa ameeleza kwamba anataka vipaza sauti vya ukumbi wa watu 300, naye muuzaji akamchagulia vile vya sebuleni vikaungua Jumapili ya kwanza. Lawama hapo ni ya muuzaji, ijapokuwa vipaza sauti vyenyewe vilikuwa vizima. Kwa upande mwingine, mnunuzi aliyeingia dukani akataja mwenyewe jina la aina anayoitaka, bila kutegemea ushauri wa mtu, hawezi kudai baadaye kwamba haikufaa kwa kazi aliyokuwa nayo moyoni. Atakachobaki nacho ni lile sharti la ubora.

Sheria hiyo ya zamani ilikuwa na mlango wa kutokea, kwa kuwa iliruhusu pande mbili kukubaliana kwamba masharti hayo yasitumike. Ndipo ulipozaliwa ule muhuri wa risiti. Katiba ya mwaka wa 2010 ikaja na Kifungu cha 46, kinachompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012 ikaufunga mlango. Kifungu chake cha 5 kinamchukulia muuzaji kuwa ameithibitisha bidhaa yake kuwa na ubora unaofaa kuuzwa, na kinatangaza kuwa batili neno lolote linalojaribu kuyaondoa masharti hayo katika mapatano na mtumiaji.

Kwa hiyo muhuri wa "hairudishwi" una kazi moja tu iliyobaki. Unaweza kumzuia mteja aliyebadili nia, kama yule aliyenunua televisheni kubwa akafika nyumbani akakuta haiingii kabatini. Mteja wa namna hiyo hana haki ya kurudishiwa pesa, na muuzaji akimkubalia ni kwa hisani yake.

KIWANDANI AU DUKANI?

Jibu ambalo mnunuzi husikia mara nyingi ni hili: "Hiyo ina waranti ya kampuni, nenda kwa wakala." Wengi huondoka wakaanza safari ya kwenda na kurudi kati ya duka na karakana, hadi wakachoka.

Sheria haijamwambia mnunuzi aende kwa wakala. Mapatano ya mauzo yalikuwa kati yake na duka lililopokea pesa, na duka hilo ndilo linalowajibika kwanza. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya ziada. Humpa mnunuzi njia ya pili, ambayo pengine ni rahisi zaidi, lakini haiondoi ile ya kwanza. Hata bidhaa iliyouzwa bila karatasi yoyote ya waranti bado ina sharti la ubora.

Vilevile mnunuzi halazimiki kukubali chombo kitengenezwe. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sharti likivunjwa anaweza kukikataa chombo na kudai pesa yake yote. Au anaweza kukibakiza akadai fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya chombo kizima na ya hicho kibovu alichopewa. Wengi hukubali fundi akitazame kwanza, na hakuna ubaya. Lakini inafaa makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na tarehe ya kukipeleka na siku ambayo pesa itarudishwa iwapo fundi atashindwa.

MUDA NI MALI

Haki ya kukikataa chombo haikai milele. Sheria inasema kwamba mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda unaofaa bila kumwarifu muuzaji kuwa anaikataa huchukuliwa kuwa ameipokea. Baada ya hapo hupoteza haki ya kurudisha chombo na kudai pesa yote, akabakiwa na fidia peke yake.

Muda unaofaa ni siku ngapi? Sheria ya Kenya haikutaja idadi. Uingereza, ambako sheria yetu ilitoka, iliweka siku 30 katika sheria yake mpya ya mwaka wa 2015. Kabla ya hapo majaji wake walikuwa wakiamua kesi baada ya kesi, na wakati mwingine kwa ukali. Mwaka wa 1987 mahakama moja ya huko ilisikiliza madai ya mtu aliyenunua gari jipya aina ya Nissan ambalo injini yake ilikwama baada ya wiki tatu na mwendo wa maili 140 hivi. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora unaofaa, lakini akaona kwamba muda wa kulikataa umekwisha kupita. Mwenye gari akapewa fidia tu. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ingawa mawakili huyataja kwa kuwa maneno ya sheria yanafanana.

Funzo kwa mnunuzi ni kulifungua katoni siku ileile, kukijaribu chombo kikamilifu, na kutuma malalamiko kwa maandishi mara kasoro inapoonekana. Ujumbe wa simu unatosha, mradi una tarehe. Kwa mwenye duka, siku ya malalamiko ya kwanza iandikwe daftarini. Duka lisilo na daftari la marejesho halina cha kumjibu mteja anayekuja mwezi wa nne akidai kwamba alilalamika wiki ya kwanza.

AMBAPO MUUZAJI HANA LAWAMA

Sheria haikumwacha muuzaji uchi. Iwapo mnunuzi alikikagua chombo kabla ya kulipa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana maduka mengi huwasha televisheni mbele ya mteja na kumwonyesha kioo pande zote. Desturi hiyo ni nzuri na idumishwe, lakini isipewe nguvu isiyo nayo. Kuwasha kwa dakika tano huonyesha ufa wa kioo na mstari kwenye picha, si ubovu uliojificha ndani ya saketi ambao hujitokeza baada ya saa kadhaa za joto.

Kasoro iliyotajwa wazi pia si dai. Anayeuza friji iliyotumika kwa bei ya chini, akaandika kwenye risiti kwamba mpira wa mlango umechoka, hawezi kushtakiwa kwa mpira huo. Mali iliyotumika haikosi ulinzi wa sheria, ila kipimo chake hufuata bei na maelezo yaliyotolewa. Televisheni ya mtumba haitarajiwi kuwa kama mpya, lakini inatarajiwa kuonyesha picha.

Ugomvi mkubwa huwa juu ya stima. Muuzaji husema umeme ulipanda ukaunguza chombo, na mnunuzi husema kililetwa kikiwa kibovu. Hapo fundi ndiye shahidi. Sehemu inayopokea umeme ikiwa imeungua huku nyingine zote zikiwa nzima, muuzaji ana hoja. Ikiwa kasoro iko mahali pengine, hoja hiyo haina miguu. Duka lenye busara humshauri mteja wa friji anunue pia kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na huandika kwenye risiti kwamba ushauri huo ulitolewa.

Wako pia wanunuzi wajanja. Mmoja hurudisha televisheni nyingine inayofanana na aliyonunua, mwingine huchomoa kipuri kizima akatia kibovu. Dawa yake ni kuandika namba ya chombo kwenye risiti na kubandika karatasi ya duka juu ya skrubu za nyuma. Kwa simu, namba ya IMEI, ile inayoonekana mtu akibonyeza *#06#, iandikwe kila mara.

Namba hiyo ina historia yake. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao ya Kenya kwa agizo la Tume ya Mawasiliano. Simu iliyokuwa ikifanya kazi jana ikawa saa na tochi tu. Kisheria simu isiyoweza kupiga wala kupokea haifai kwa kazi yake, na anayewajibika kwa mnunuzi ni aliyemuuzia. Bidhaa bandia pia ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka wa 2008, kwa hiyo anayeziuza ana hatari mbili juu ya kichwa kimoja.

HESABU YA MAREJESHO

Tuchukue mfano. Mwenye duka ananunua televisheni 40 kwa Sh18,000 kila moja na kuziuza kwa Sh20,500. Faida yake kabla ya kodi ya nyumba na mishahara ni Sh2,500 kwa kila moja, yaani Sh100,000 zote zikiuzwa. Mbili zinarudi zikiwa zimekufa na aliyemuuzia kwa jumla hazitaki. Duka linabaki na faida ya televisheni 38, ambayo ni Sh95,000. Ukitoa Sh36,000 zilizonunulia zile mbili, zinabaki Sh59,000. Fundi akizinunua kwa ajili ya vipuri kwa Sh4,000 kila moja, hesabu inapanda hadi Sh67,000.

Televisheni mbili kati ya 40 ni asilimia 5 tu ya mali, lakini zimekula asilimia 33 ya faida. Ili duka lirudi kwenye Sh100,000 zake, lilipaswa kuongeza kama Sh870 kwenye bei ya kila televisheni. Mwenye duka ataona vigumu kuziongeza huku jirani yake akiuza kwa bei ya chini. Basi inambidi aipate pesa hiyo upande wa ununuzi, kwa kupunguziwa bei ya jumla au kwa kuahidiwa kubadilishiwa mali mbovu.

Hapa ndipo wadogo hunaswa. Kati ya mfanyabiashara na mwenzake, wengi wa wauzaji wa jumla huandika kwamba hawapokei marejesho, na muuzaji wa rejareja asitegemee kwamba ulinzi wa mtumiaji utamwokoa. Ukiinunua mali kwa masharti ya "hairudi" na kuiuza kwa mteja ambaye sheria inamruhusu kuirudisha, hasara yote inakwama kwako katikati. Aliyeagiza kutoka Guangzhou yuko mbali zaidi, kwani gharama ya kurudisha mali au kushtaki huko huizidi thamani ya televisheni mbili.

Kabla ya kulipa amana ya shehena, mambo matatu yaulizwe na kuandikwa. Kwanza, mali itakayokutwa mbovu ndani ya miezi mitatu itabadilishwa, au itapunguzwa kwenye malipo ya shehena ijayo? Pili, je, muuzaji atatia vipuri vya ziada ndani ya kontena, hasa saketi za umeme na rimoti? Tatu, mali hiyo ina hati ya kukaguliwa kabla ya kupakiwa, kama Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) linavyotaka? Hati hiyo haithibitishi kwamba kila chombo ni kizima, lakini mali isiyo nayo inaweza kuzuiliwa bandarini.

KODI IRUDI NAYO

Jambo moja husahaulika. Duka lililosajiliwa kwa VAT linapouza kwa Sh20,500, ndani yake mna kodi ya asilimia 16, ambayo ni kama Sh2,828. Pesa ikirudishwa kwa mteja bila duka kutoa hati ya kupunguza mauzo kupitia mfumo wa eTIMS, vitabu vitaendelea kuonyesha kwamba televisheni iliuzwa. Mwenye duka atakuwa amempa mteja pesa yote, kisha akalipa serikali kodi ya mauzo yasiyokuwapo. Hati itolewe siku ileile pesa inaporudishwa, ikitaja namba ya risiti ya kwanza.

WASIPOELEWANA

Zamani mnunuzi wa redio ya Sh6,000 hakuwa na sababu ya kwenda kortini, kwa kuwa wakili peke yake angemgharimu zaidi ya hizo. Hali hiyo imebadilika. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, yenye jukumu la kulinda maslahi ya watumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010.

Mwenye duka asiione mahakama hiyo kuwa ya wanunuzi pekee. Naye anaweza kumpeleka huko muuzaji wa jumla aliyekataa kutimiza ahadi yake ya kubadilisha mali, mradi ahadi hiyo iliandikwa. Ushahidi kwa pande zote ni uleule: risiti, ujumbe wa M-Pesa, namba ya chombo, barua za simu zenye tarehe na maelezo ya fundi. Wanaouza kupitia mitandao wakumbuke kwamba picha na maneno waliyoyaweka ni maelezo ya bidhaa. Mali isiyolingana nayo inaweza kukataliwa hata kama haina ubovu.

KWA ANAYEWEKA MTAJI

Msomaji anayetaka kuingia ubia katika duka la elektroniki kwa kawaida huonyeshwa mauzo ya siku na mali iliyo rafuni. Aombe pia daftari la marejesho na mapatano ya duka na wauzaji wake wa jumla. Akiambiwa kwamba hakuna kinachorudi, atazame nyuma ya kaunta. Rundo la televisheni zisizowaka ni mtaji uliokufa, na bado linahesabiwa kwenye vitabu kwa bei ya kununulia.

Duka linalorudisha pesa bila kelele huenda linaonekana kupoteza. Lakini kama gharama hiyo imo ndani ya bei, na kama aliyeleta mali amekubali kubeba sehemu yake, mwenye duka atajua mwanzo wa mwezi kiasi atakachotenga. Mwenzake anayetegemea muhuri hana hesabu hiyo, na mteja mmoja anayeijua njia ya Milimani anatosha kumharibia mwezi mzima.